Kikombe Kimoja, Matumbo Mawili

Bukavu, Siku ya Yenga, Jumapili tarehe 12 Oktoba, baada ya misa ya pili

Papa,

Nimeapa leo nikuambie yote, bila kupunguza. Nimekaa kwenye ngazi za nyuma, pale ulipozoea kuosha miguu ukitoka kufundisha, na sitainuka mpaka nimalize. Watu wanaowaandikia wafu wao huanza kwa kusema jinsi wanavyowakumbuka. Mimi nakukumbuka, hilo unalijua. Lakini lililonifanya nishike kalamu si hilo. Nimekukasirikia, Papa. Nimekukasirikia tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, siku ya kumaliza matanga, na misa ya leo haikunisaidia kitu.

Ngoja kwanza nikuambie yaliyobadilika. Shitingi, lile turubai lililofunika ua wakati wa kilio, imeshushwa, na viti vimerudishwa parokiani. Kaka yako, Tonton Bahati, hajarudi Walungu. Amechukua chumba changu, mimi nalala na Maman. Mchana anakaa kwenye kiti chako, na amekigeuza: wewe ulikuwa unaangalia ziwa, yeye anaangalia mlango wa Maman Neema.

Maman Neema hauzi tena kitu. Wewe ndiye uliyemfungulia kile chumba cha nyuma alipofiwa na mume wake, ukasema parsele yenye mjane mmoja anayecheka ni bora kuliko yenye wapangaji watano wanaonuna. Sasa hacheki. Anakaanga sambaza zake asubuhi, vile visamaki vya ziwa, anaziweka mlangoni, na wanawake wa mtaa wanampita na mabakuli yao mkononi. Wanateremka mpaka barabara kubwa, wanapanda tena wakihema, na ndani ya bakuli kuna sambaza zilezile za ziwa lilelile. Neema, binti yake, ambaye tumekaa dawati moja tangu mwaka wa kwanza, anaitwa majina njiani. Nisingeyaandika hapa hata ungeniomba.

Na yote hayo ni kwa sababu yako. Kwa neno moja ulilolisema ukiwa kitandani hospitalini, na hukuniambia mimi, ulimwambia Tonton.

Unaikumbuka ile sikukuu, Papa? Neema alikuwa amepata kipaimara, wiki chache baada ya Pasaka. Wajomba zake walileta kasiksi kutoka Kalehe, bidoni moja, dumu la njano, pombe nzuri ya ndizi ambayo harufu yake ilifika getini kabla yao. Maman Neema alifanya kama inavyofanywa. Alimimina kidogo, akanywa mbele ya wote, akakigeuza kikombe ili tuone hakuna kilichobaki, ndipo akaanza kuwagawia wageni. Katika mji huu hakuna anayekunywa kwa jirani kabla jirani hajaonja. Hata padri anaonjewa. Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Kwangu ilikuwa adabu tu, kama kubisha hodi.

Wewe ulichelewa. Ulikuwa unasahihisha mitihani. Ulipoingia, mvua nayo iliingia, ile ya kwetu isiyotoa salamu. Watu walikuwa wanaburuta viti kuelekea barazani, wanawake wameweka sahani vichwani, na Maman Neema, bidoni kwapani, akakumiminia kikombe, akakutia mkononi, akakimbia kuokoa spika za muziki. Hakuonja. Wote waliona. Ulicheka, ukanywa, na hakuna aliyesema neno siku ile.

Kiangazi kilipofika na tumbo lako likaanza kuvimba, ndipo wote wakakumbuka kwamba waliona.

Sasa nikuulize, mwalimu wangu, wewe ulinifundisha nini? Nilikuwa bado mdogo uliponipa yale makopo mawili ya sardini. Swali lilikuwa lako: je, maharagwe yanaota haraka kwenye mwanga au kwenye giza? Nikaweka moja dirishani na moja chini ya kitanda, nikajiona mwanasayansi. Asubuhi moja ukanikuta nalimwagilia lile la chini ya kitanda kwa maji ya uvuguvugu ya birika, kwa kuwa nililionea huruma kule kwenye baridi. Ukakaa chini sakafuni na suruali yako ya kazi. Ukasema, "Badilisha kimoja tu, Nsimire. Vingine vyote viache vilale." Halafu tukamwaga yote, tukaanza upya.

Kabla ya kuanza upya ulinitaka nitaje kila kitu kinachoweza kulifanya haragwe liote haraka au lichelewe. Nikataja maji, ukasema endelea. Nikataja udongo. Endelea. Ukubwa wa kopo, aina ya haragwe, haragwe la mwaka jana na la mwaka huu, saa ya kumwagilia, kina nilichochimba kwa kidole. Nilichoka, nikasema basi, ukasema bado, na panya je? Kisha kwa kila kimoja uliniuliza swali lilelile: hiki ndicho tunachokipima? Kama sicho, basi lazima kiwe sawa kwenye makopo yote mawili. Udongo ukatoka shimo moja, maharagwe yakatoka kiganja kimoja, na maji tukayapima kwa kifuniko cha chupa. Mwanga peke yake ndio ulioruhusiwa kutofautiana.

Na siku nyingine uliponikamata nikiliongezea maji kopo la dirishani kwa sababu nilitaka lishinde, hukupiga kelele. Ulisema, "Maharagwe hayana ndugu wala adui. Ni weye uko nabo." Nililiandika hilo kwenye jalada la kitabu changu cha sayansi. Madame wetu aliliona mwezi uliopita, akauliza nani amesema. Nikasema Papa yangu, naye akakifunga polepole, kwa kuwa ulikuwa umezikwa juzi.

Basi huyo Papa, huyo huyo, amelala hospitalini, amemshika kaka yake mkono, na amesema nini?

Tonton alitusomea kama Injili. Ilikuwa Jumamosi hiyo, baada ya misa yako, watu wamekula, wakubwa wa ukoo wamekaa uani. Akasimama. "Kaka yangu aliniambia na kinywa yake," akasema. "Alisema, Bahati, ni ile kasiksi. Hakuonjaka. Sasa, mutu iko anakufa, atasema bongo, adanganye, juu ya nini?"

Karuho. Hakulitaja, lakini ua wote ulilisikia. Hiyo sumu ya polepole ambayo kila mtu hapa anamjua aliyekufa nayo na hakuna anayeweza kukuonyesha ilivyo. Nikamwangalia Maman, nikitumaini atasema ni uongo. Hakusema. Nilimuuliza baadaye jikoni, akasema, "Alisema, mwanangu. Nilikuwa pale." Kwa hiyo siwezi hata kumlaumu Tonton kwamba amezua. Ulisema kweli.

Wakamwita Maman Neema. Alikuja na mikono bado inanuka samaki, akasimama karibu na pipa la maji. Hakupiga magoti, na hilo lilinifurahisha. "Mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Nilisahau. Kosa yangu njo ile, kusahau. Mwalimu alikuwa ndugu yangu."

Kutoka nyuma mtu akasema, "Batu ya karuho banasahaulaka vilevile." Wengine wakacheka.

Tonton akatoa hukumu: mpaka mwisho wa juma kile chumba kiwe wazi. Wewe unajua maana yake, Papa. Mwanamke anayefukuzwa na jina hilo hapati chumba kingine. Jina linatangulia, linafika kabla ya godoro lake. Na siku nyingine kijana mlevi anaokota jiwe, na wa pili anaokota, na kesho yake kila mtu anasema hakuwepo. Neema alikuwa mlangoni kwao, ameshika pazia. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nikasimama. Nikasema, Tonton, naomba neno.

"Weye, kwenda leta chai."

Nikasema nitaleta nikimaliza. Watu wakacheka tena, safari hii kidogo kwa upande wangu. Nikamuuliza ni nani aliyekunywa ile kasiksi siku ya kipaimara. Akasema, "Batu yote." Na Tonton je? "Na mimi. Nilikuwa na kiu, nilitoka mbali." Basi, nikasema, kasiksi ilikuwa ileile, bidoni ileile, mikono ileile iliyomimina, na Tonton hajavimba tumbo.

Akatikisa kichwa kama anayemhurumia mgonjwa. "Mutoto haelewi. Karuho habaiwekake mu bidoni. Inakaaka chini ya ukucha ya kidole gumba. Inaanguka mu kikombe ya ule banachukia, ya bengine inabakia muzuri."

"Kwa hiyo si bidoni," nikasema. "Ni kikombe."

"Njo vile. Kikombe."

"Tonton amekubali mbele ya wote? Kile kikombe kimoja tu, ambacho hakikuonjwa?"

"Nimekubali. Sasa chai."

Unaona nilichokifanya? Ni kile ulichonifundisha. Niliacha vingine vyote vilale mpaka kikabaki kimoja. Na hicho kimoja, Papa, wewe na mimi tulikuwa tunakijua, na duniani hakuna mwingine aliyekijua.

Nikawaambia. Kwamba mvua ilipozidi tulisimama mimi na wewe chini ya ukingo wa bati, upande wa jikoni, na kikombe chako kilikuwa nusu. Kwamba uliniangalia, ukaangalia kama Maman anatuona, ukanipa ukasema, "Malizia, mvua isituongezee." Kwamba nilikunywa mpaka mwisho, ilikuwa tamu halafu chachu, pua ikaniwasha, ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema tusimwambie Maman. Sikumwambia. Ilikuwa ni mojawapo ya furaha zangu na sikuwa na sababu ya kuigawa. Mpaka Jumamosi ile sikujua kwamba kikombe kile kilikuwa kinahukumu mtu.

Lakini wewe ulijua. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa na haitaki kuhama. Ulinipa kwa mkono wako. Kama ilikuwa sumu, ulikuwa unajua kwamba binti yako naye anayo tumboni, na hukuniita, hukumuuliza mtu, "Nsimire anaendeleaje?" Ulimsema Maman Neema, ukageukia ukutani. Kwa hiyo hukuwaza kabisa. Wewe, uliyeniuliza kuhusu panya.

Nilidhani nimeshinda. Halafu Tantine Riziki, dada yako mdogo, akapiga yowe, akanikumbatia kwa nguvu nikakosa pumzi. "Basi iko ndani yake na yeye. Karuho haina haraka. Mumupeleke kwa mutapishaji, leo leo."

Ungekuwepo ungefanyaje? Walikuwa tayari wananitafutia viatu. Nimeshawahi kusikia habari za huyo mganga: anakunywesha maji ya kahawia, unatapika kwenye beseni, anakoroga kwa kijiti na anakuonyesha kipande cha kitu. Nikamwambia Tantine kwamba sijawahi kusikia mtu aliyetapika pale akaambiwa nenda nyumbani, huna kitu. Jaribio ambalo jibu lake ni moja kila siku halipimi chochote. Akasema, "Ni masomo inazungumuza, siyo mutoto." Hata watu kumi wangenipata mzima, wangesema bado ni mapema. Mmoja angenikuta na homa, ingekuwa ushahidi. Hakuna lolote ambalo lingetokea duniani likawafanya waseme, tulikosea.

Ndipo Maman akasimama. Tangu mazishi hakuwa amesema maneno yanayojaza kijiko. Akasema, "Mutoto yangu hatapishwi na mutu. Na suruali ya bluu ya Mwalimu, nilimupunguzia kiuno mbele ya Pasaka. Nikapunguza tena ile asubuhi ya kipaimara, mbele ya kasiksi, bado hajainywa. Dokta alisema ini ilikuwa ngumu tangu zamani. Musiniulize tena."

Nilitaka kupiga makofi. Tonton akamjibu polepole, bila ubaya, na ndiyo sababu ilikata zaidi: "Dokta anajua. Bibi ya marehemu anajua. Ni marehemu tu hakujua?"

Hapo ulitushinda, Papa. Sote tulikuwa na mambo ya kusema, na wewe ulikuwa na neno moja, na neno la maiti halihojiwi.

Mwisho Tonton alitoa kile alichokiita huruma. Maman Neema asitoke kwanza. Mimi niangaliwe mpaka Noeli. Nikibaki mzima, atanyamaza na atarudi kwao. Nikiguswa na ugonjwa, "hata kidogo," basi tunajua, na chumba kinahamwa siku hiyohiyo.

Hata kidogo. Katika msimu wa mvua, Bukavu, kwa mtoto anayepanda na kuteremka milima hii kwenda shule. Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Walikuwa wamenigeuza kopo la maharagwe, tena kopo baya, peke yake, bila la kulinganisha nalo. Nikikohoa, itakuwa karuho. Malaria ikinikamata, karuho. Hakuna kitu walichokishika kibaki sawa. Nikamwambia hivyo. Nikasema, Tonton, kama mimi ni kopo la kwanza, la pili liko wapi? Nani yuko kama mimi kwa kila kitu, isipokuwa kile kikombe?

Hakuelewa. Maman alielewa, nilimwona anainua kichwa. Lakini aliyejibu alikuwa Neema, kutoka mlangoni kwao, pazia bado mkononi. Akasema, "Ni mimi."

Na ni kweli, Papa. Umri mmoja, shule moja, njia moja, maji ya bomba moja, mbu walewale. Hakuonja kile kikombe. Nikamweleza Tonton: tutalala sote ndani ya chandarua, tutakula chakula kimoja, saa moja. Sote tukikohoa, ni msimu. Mimi nikivimba tumbo peke yangu na Neema hana kitu, basi nitafunga mizigo ya Maman Neema kwa mikono yangu. Najua haitoshi. Watoto wawili ni wachache, na tumbo la mtoto si tumbo la mtu mzima. Ungenikata alama kwa hilo. Lakini ilikuwa bora kuliko beseni la mganga. Tonton akasema, "Muchezo ya shule," na akakubali, nadhani kwa sababu ya chai.

Sijui kama aliona alichokikubali. Ili chakula kiwe kimoja, ilibidi sufuria iwe moja. Jumatatu jioni, kabla giza halijaingia, Maman alitoa mkeka uani, mbele ya mtaa mzima, akasonga bugali. Maman Neema akaleta bakuli la sambaza zilizokaangwa na nyanya. Alikuwa amejitanda kitenge kama anayekwenda kanisani. Akapiga magoti mkekani, akachukua kijiko ili aonje kwanza. Wanawake walikuwa wamesimama getini na mabakuli yao. Maman akanyoosha mkono, akapita juu ya kile kijiko, akachukua sambaza kwa vidole, akala. Alikula kabla hajaonjewa. Akatafuna polepole, akameza.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Maman Neema akafunika uso kwa kitenge. Sikujua kama analia au anacheka. Neema alikimbia kuleta chumvi.

Tonton hakula siku hiyo. Alikula mkate na chai, peke yake, kwenye kiti chako. Siku iliyofuata aliuliza kwa mbali kama hizo sambaza ni za leo au za jana. Maman akamwambia ni za leo. Akasema aliuliza tu.

Sasa jambo la mwisho. Juzi niliamka koo linaniwasha. Nikanywa maji, nikatembea, nikajiambia ni vumbi. Shuleni nilishikilia kifua kama mtu aliyebeba mayai. Niliporudi, Tonton alikuwa kwenye kiti, nikapita haraka, nikaenda nyuma ya choo nikakohoa na kitenge mdomoni. Neema akanifuata. Aliniona, halafu akarudi uani, akasimama mbele ya Tonton na akaanza kukohoa. Sauti kubwa, Papa. Kama mzee wa miaka themanini.

Hakuwa na kikohozi. Alikuwa analisawazisha kopo.

Nilimvuta mkono mpaka ngazi hizi. Nikamwambia akome. Akaniambia, "Ni maman yangu. Weye unapoteza nini?" Nilimwambia tu kwamba tukidanganya hata mara moja, basi hatukupima kitu, na Tonton atakuwa na haki ya kutuita wachezaji. Akasema haki ni ya wale ambao hawafukuzwi. Hatujawahi kugombana hivyo.

Nilikaa hapa muda. Nilikuwa na hasira na Neema, na Tonton, na huyu mdudu wa kikohozi, na zaidi ya wote wewe, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kutolionea huruma kopo. Ungenifundisha kidogo kudanganya, mambo yangekuwa mepesi. Mwishoni nilinyanyuka, nikaenda uani, nikasimama mbele ya kiti chako na sikujifunika mdomo. Nikakohoa. Nikasema, Tonton, mimi ninakohoa tangu asubuhi. Neema yeye bado.

Maman Neema alikuwa anaosha sahani pembeni. Maji yalinyamaza.

Tonton akatoa kitambaa mfukoni, akapenga kamasi, maana na yeye alikuwa anapiga chafya kwa siku mbili, akakikunja, akakirudisha. Akaangalia mawingu yaliyoshuka juu ya ziwa.

"Hii baridi ya Bukavu," akasema. "Kwenda vaa nguo."

Ni hayo tu. Si ushindi. Noeli bado iko mbali na kina mama bado wanapita na mabakuli, isipokuwa mmoja, jana, aliyesimama akauliza bei halafu akaondoka. Jana usiku Neema pia alianza kukohoa, kikohozi cha kweli, na sikufurahi hata kidogo, kwa maana ni mimi niliyemwambukiza. Lakini leo asubuhi Tonton amekigeuza kiti. Hakiangalii ziwa bado. Kinaangalia katikati.

Papa, hasira imepungua kwa kuandika, haijaisha. Nataka ujue kwamba nitakusema wewe wote. Wakiniuliza Papa yako alikuwa nani, nitasema alikuwa mwalimu bora kuliko wote waliopita mbele yangu, na nitasema pia kwamba siku ya maumivu alimtupia mwanamke asiye na kosa neno ambalo karibu limuue. Nitasema yote mawili, na sitaruhusu mtu aniondolee hata moja. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Sina nyingine kubwa kuliko hiyo.

Lala salama, Papa. Maman anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia.

Nimebakiza swali moja, nalo nalitaka lijibiwe haraka. Usinijibu kwa ndoto, ndoto Tonton ataitafsiri. Nijibu mimi, kwa njia ambayo nitajua kwamba ni wewe. Ulipomwambia ni kasiksi, uliamini, au ulikuwa unaogopa tu kufa bila mtu wa kulaumu?

Binti yako,
Nsimire